Mwokotaji wa Kona ya Tatu

Mke wangu alinishinda kwa mara ya kwanza Jumamosi moja kabla ya saa nne asubuhi, mbele ya watu ambao mimi mwenyewe niliwafundisha kushika rimoti. Nilimpongeza. Nilimpa mkono kama mkuu wa shule siku ya zawadi, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma, kisha nikaenda nyuma ya kiwanda nikajifanya natafuta kokoto iliyokwama kwenye tairi. Hakukuwa na kokoto yoyote. Nilikuwa naona wivu, na sikutaka mtu anione nikiuona.

Nieleze kwanza siku yenyewe ilivyo, maana ukija kwetu bila kuelezwa utafikiri umepotea njia. Utakuta watu wazima kumi na wawili hivi, wenye kazi zao na watoto sekondari, wameinama juu ya meza wakisugua kwa mswaki magari ya rimoti yasiyozidi urefu wa mkono. Mwenyekiti wetu alikuwa mwenye duka la dawa mjini Embu. Mimi nafundisha fizikia. Wengine walitoka Meru, na kati yao mkali alikuwa daktari mmoja wa mifugo, mtu mpole aliyevaa magambuti hata jua likiwaka. Mwezi mmoja tulikutana kwetu, mwezi uliofuata tukaenda kwao.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya kiwanda cha kahawa upande wa Kanja, pale malori yalipokuwa yakigeuzia zamani, kahawa ilipokuwa kahawa. Ni udongo mwekundu mtupu, kwa hivyo njoo na viatu usivyovionea huruma. Njia tuliichora kwa mipira ya maji iliyochakaa, tukaipigilia chini kwa vigingi vya waya. Zilikuwa kona saba na tuta moja la kurukia. Jambo la kwanza kabla ya lolote ni maombi, kwa kuwa kwetu hata watu watatu wakikutana hufungua kwa maombi. Siku moja aliyeombwa atuongoze alibariki magari makubwa yaliyotuleta, akabariki madogo, akasita kidogo, akabariki na betri. Baada ya hapo jenereta huwashwa, betri zikachajiwa, na chai ya maziwa ikaletwa na nduma zilizochemshwa.

Madereva husimama juu ya trela la trekta ili waone uwanja wote. Mbio ni dakika tano. Mashine ya kuhesabu mizunguko hatukuwa nayo, basi kila gari lilikuwa na mkebe uliopakwa rangi yake, na mtu wa kuusimamia. Gari likipita mstari, punje moja ya maharagwe inadondoshwa ndani. Dakika zikiisha mikebe inamwagwa mezani na punje zinahesabiwa mbele ya wote. Maharagwe hayo mwenyekiti hakukubali yapikwe hata siku moja. Alisema yana uzoefu.

Sheria kubwa ni hii: ukishapanda trela hushuki. Gari lako likipinduka huko chini, si wewe unayelikimbilia. Kwenye kila kona husimama mtu tunayemwita mwokotaji, na mwokotaji ni yule aliyemaliza kuendesha mbio zilizotangulia. Ukimaliza kuendesha, unaokota. Huendi kunywa chai, huendi kujificha na hasira zako. Unashuka, unasimama kwenye kona, na unawainulia magari wale wanaokufuata, awe rafiki au mtu aliyekuudhi. Yakianguka mawili, unainua kwanza lililoanguka kwanza. Sheria hiyo niliiandika mimi kwa mwandiko wangu, kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa trela.

Sasa ugumu wa mchezo wenyewe. Gari likienda mbali nawe, kulia ni kulia. Likigeuka kurudi kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo wengi huligongesha kwenye mipira. Mimi ilinichukua miezi minne kulizoea hilo. Nilikuwa nikipinda mwili mzima juu ya trela, shingo huku, kiuno kule. Nilichora hata mishale ubaoni darasani, wanafunzi wakiwa wametoka, nikajifunza kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Mke wangu ilimchukua robo saa. Yeye ni fundi wa nguo, ana kibanda chake hapo Majimbo karibu na nyumbani, na hushona sare za shule na gauni za harusi. Alikuja uwanjani siku hiyo kuniletea sweta. Nilimpa rimoti anishikie tu, nikaze skrubu ya gari la mwenzangu. Niliporudi nilimkuta analizungusha gari langu, polepole, kona zote saba, bila kugusa mpira hata mara moja.

"Inaporudi huku unafanyaje?" nikamuuliza.

"Kwani iko nini," akasema, macho yakiwa kwa gari. "Nguo si unashona ikiwa ndani nje? Kushoto inakuwa kulia. Mkono inazoea tu."

Ndivyo alivyonijibu, mimi wa mishale na chaki. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika trela. Nami nilicheka, kisha nikamfanyia mke wangu ukarimu ambao haukuwa ukarimu. Nilimpa gari langu la zamani, lile lenye mhimili uliopinda, lililokuwa likivuta upande wa kushoto kila likiongezwa mwendo. Nilijua litamsumbua. Yeye alilivutia upande wa kulia kwa kidole, kama anavyovuta kitambaa kinachoteleza chini ya sindano, na mwezi wa pili wake akanishinda, Jumamosi ile ya kokoto.

Zawadi ya mshindi ilikuwa thamosi ya chai. Kila mara ilikuwa thamosi, kwa kuwa dada yake mwenyekiti alikuwa na duka la vyombo. Mimi nilikuwa nimeshinda mbili kabla ya hapo, na zote nilizipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, zikiwa bado na vibandiko vyake. Ya kwake hakuiweka kabatini. Aliiosha jioni hiyo hiyo akatilia chai, na kesho yake ikaenda kibandani, ikawa ya kazi. Wateja waliokuja kupimwa walimiminiwa chai kutoka humo, na wakiuliza aliwaambia, "Hii nilishinda na kale kagari." Hakujisifu hata kidogo. Laiti angejisifu. Ningepata la kumlaumu.

Wivu wa mtu wa mbali unaweza kuukimbia, ukabadilisha njia, usimwone. Mimi wangu nilikuwa nikiupakulia chakula na kulala nao. Nilianza kuona makosa ambayo hayakuwapo. Nilisema nyuzi zimejaa kwenye zulia. Nilisema anachelewa kufunga kibanda. Alipoamua kunisaidia, akashona vifuko vya kitambaa kigumu vya kubebea betri, kila kimoja na herufi ya jina langu, niliviangalia nikasema betri hazitakiwi kufungiwa joto. Wanachama wengine walivigombania.

Basi ikafika siku yenyewe. Ilikuwa zamu ya Kanja, na watu wa Meru walikuja wengi kwa pikapu mbili. Hakukuwa na mvua wiki nzima, na vumbi lilikuwa likiinuka hata kuku akipita. Asubuhi huwa ni mbio za mchujo. Wanaofanya vizuri huingia fainali kubwa, waliobaki huingia ndogo, na ndogo hukimbia kwanza. Mimi sikuwa nimewahi kuingia ndogo.

Mke wangu alikimbia kundi la kwanza, akaongoza. Akashuka kuokota, na bahati ikampeleka kona ya tatu, mbaya kuliko zote, inayobana ghafla baada ya tuta. Kundi la pili lilikuwa langu. Mzunguko wa nne niliingia kona hiyo kwa hasira, gari likabiringika likalala chali. Sikupata hata nafasi ya kupaza sauti. Alikuwa ameshafika, amelishika, amelifuta mdomo kwa pindo la leso yake, amelielekeza mbele, na magurudumu yalikuwa bado yanazunguka. Watu wa Meru walipiga makofi kwa ajili ya uokotaji. Sijawahi kusikia mtu akipigiwa makofi kwa kuokota.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilirudi mezani nikabadilisha gia, nikaweka kubwa zaidi, ili mbio za pili za mchujo, ambapo makundi huchanganywa upya, niruke kama risasi nimwonyeshe. Mwenyekiti alipita akaniambia, "Mwalimu, na hii jua, motor itachemka." Nikamwambia najua ninachofanya. Dakika ya tatu mota ilichemka, gari likasimama katikati ya uwanja na moshi mdogo ukatoka, na mke wangu, aliyesimama kando yangu juu ya trela, akasema pole, kwa sauti ya chini, bila kuacha kuendesha. Alimaliza wa kwanza. Mimi jina langu liliandikwa fainali ndogo.

Fainali ndogo niliimaliza wa tatu. Kisha, kwa sheria ile ile niliyoiandika mimi, nikashuka kuokota fainali kubwa. Nilichukua kona ya tatu. Hakuna aliyenipanga hapo, niliichagua mwenyewe, na hata sasa siwezi kusema kwa hakika nilitaka nini.

Mke wangu alitoka mbele. Daktari wa mifugo alimfuata, na kwa dakika nne waliendesha kana kwamba wamefungwa kamba moja. Watu waliacha chai zao zikipoa. Nilisikia jina la heshima ambalo watu wa Meru walikuwa wamempa likiitwa kutoka kwenye pikapu, "Fundi, Fundi," na kila lilipoitwa lilinichoma. Mimi nilikuwa na miaka minne kwenye uwanja huo na hakuna aliyewahi kuniimba.

Ilikuwa imebaki dakika moja hivi. Akaruka tuta, mhimili ule uliopinda ukamvuta, gurudumu likanasa kwenye mpira na gari likapinduka miguuni pangu. Hatua moja tu. Daktari alikuwa nyuma yake, akalikwepa, akaenda kugonga mpira wa upande wa pili, naye akalala chali. Vumbi lilifunika kona nzima. Walio juu ya trela kila mmoja alikuwa na macho kwa gari lake, na wahesabuji walikuwa na macho kwa mikebe.

Nililiona gari la mke wangu. Nililiona lilivyolala, na tumbo lake jeusi juu, na kile kipande cha utepe wa kupimia nguo alichokibandika kwa urembo. Nililiona vizuri kabisa. Nikaliruka. Nikavuka njia nikainua la daktari kwanza, nikaliweka sawa kwa utaratibu, nikaliachia. Ndipo nikarudi kwa lake.

Walimaliza na punje zinazolingana, punje kwa punje, mikebe ikamwagwa mara mbili kuhakikisha. Lakini daktari ndiye aliyetangulia kuvuka mstari. Thamosi ikaenda Meru.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine ningejilaumu kimya kimya nikapona. Lakini mwenyekiti alisimama kutoa shukrani. Akawashukuru waliopika na waliotoka mbali, kisha akasema kuna jambo limemgusa. "Vumbi ikipungua nimeona Mwalimu ameruka gari ya mke wake mwenyewe," akasema, "akaenda kuinua ya mgeni kwanza, vile sheria inasema. Ndio mtu asiseme hapa kuna upendeleo. Huyo ni mtu wa haki." Wakapiga makofi. Daktari alikuja akanishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilipokea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wananitazama mimi, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahia.

Tukiwa barabarani kurudi Majimbo, jua likitupiga machoni, mke wangu alikuwa amepakata magari yote mawili.

"Ni gani ilianguka kwanza?" akaniuliza.

"Ya daktari."

"Sawa," akasema.

Akaanza kunieleza kuhusu kitambaa cha sare ambacho kilikuwa kimepungua rangi tangu kiwanda kilipobadilisha mtindo. Alieleza kwa kirefu. Nilijibu ndiyo na hapana mpaka tukafika.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Meru. Siku mbili kabla ya safari nilimkuta ameliweka gari lake kwenye rafu ya kibandani, kati ya nyuzi, limefutwa vumbi, betri imetolewa.

"Hii mwezi siendi," akasema. "Niko na gauni nane za harusi. Wewe enda tu, Mwalimu."

Gauni zilikuwepo, nilizihesabu. Lakini mwezi uliopita zilikuwepo pia, na alizimaliza usiku akaja.

Nilishinda Meru. Niliendesha kwa utulivu, gia ndogo, mota baridi, kila kona kwa kipimo, nikamshinda daktari kwa punje nzima. Nilikuwa nimesubiri ushindi huo kwa muda mrefu, na nilifurahi kwa dakika kama kumi. Kisha wakaanza kuniuliza. Aliyekuwa akihesabu mkebe wangu aliuliza madam ako wapi. Mama wa chai aliuliza. Daktari aliponipongeza alisema, "Leo umeponea, fundi hakukuja," akacheka, mtu mpole asiye na nia mbaya. Hata mke wangu asipokuwepo alikuwa mbele yangu. Nilirudi nikiteremka kuelekea Embu na thamosi kwenye kiti chake, ndani ya boksi, na kila nilipopunguza mwendo ilianguka nikaiegemeza tena.

Jumapili alasiri ilikuwa zamu yetu kukaribisha kikundi cha maombi cha mtaa. Mwenyekiti yumo katika kikundi hicho. Walikaa sebuleni, viti vya jirani vikaongezwa, tukaimba, tukasoma, tukaombeana. Nilidhani mke wangu angeleta chai katika thamosi yake ya kila siku. Alileta ya Meru. Alikuwa ameitoa kwenye boksi, ameiosha, ametoa kibandiko.

"Hii Mwalimu ameshinda jana huko Meru," akawaambia wageni, na uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa. "Aliendesha vizuri. Hata mota haikuchemka."

"Na si kushinda tu," mwenyekiti akadakia, kikombe mkononi. Akaanza kuwasimulia habari za Kanja, vumbi, fainali, gari la mke na gari la mgeni. Aliisimulia vizuri kuliko ilivyotokea. "Akaruka ya bibi yake," akasema. "Watu kama hao siku hizi utapata wapi?"

Mama mmoja akasema Bwana asifiwe. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na chai ya moto mkononi, na mke wangu alikuwa ameinama akimmiminia mama huyo, na nilimtazama shingoni, pale utepe wa kupimia huning'inia siku za kazi, nikajua kwamba nikinyamaza tena hatalitoa gari rafuni kamwe.

"Haikuwa hivyo," nikasema. "Ya kwake ndiyo ilianguka kwanza. Ilikuwa hapa miguuni. Niliiona."

Mwenyekiti aliangalia mandazi yaliyokuwa kwenye sahani yake. Mtu alikohoa. Mke wangu hakuacha kumimina, na hakumwaga hata tone.

"Najua," akasema. "Si ni mimi nilikuwa naiendesha."

Akaenda kwa kikombe kingine. Wageni hawakukaa sana. Maombi ya kufunga yalikuwa mafupi, na mwenyekiti aliponiaga mlangoni alinishika mkono mmoja tu, akasema tutaonana. Nilijua Jumamosi kila mtu Embu na Meru atakuwa na habari. Nilikaa sebuleni nikitazama thamosi zangu mbili kabatini, zenye vibandiko, wakati yeye anaosha vikombe.

Alipomaliza alichukua funguo akatoka, akaenda kibandani. Alirudi na gari. Aliliweka mezani, akalipindua, akazungusha magurudumu kwa kidole kuona kama mhimili bado unavuta kushoto. Ulikuwa unavuta. Nikamwambia kuna mhimili mpya kwenye sanduku langu la vifaa, kwamba ulikuwemo tangu siku niliyompa gari.

Hapo ndipo alipoinua macho akaniangalia kwa muda mrefu, na sikuweza kuyakwepa.

"Ilete," akasema. "Na chaja. Na mwambie mwenyekiti, fainali ikifika na hatuendeshi pamoja, akuweke kona ya tatu."

Nilimwambia nilidhani angenitaka mbali kabisa na gari lake.

"Hapana," akasema. "Nataka usimame pale pale."

Nikaenda kuleta chaja.